Kuugua Ufilipino: pata bantay kabla ya kutafuta hospitali

Saa tisa usiku, wodi ya wagonjwa wa dengue, Quezon City. Mwenzangu wa Mbeya amelala na dripu mkononi, mimi nimejikunja kwenye kiti cha plastiki, kichwa nimekilaza ukingoni mwa kitanda chake. Nesi akasimama mlangoni, akapaza sauti: "Bantay!" na jina la mgonjwa. Nikanyamaza, nikidhani anamwita mtu mwingine. Akaita tena. Mama wa kitanda cha jirani akanigusa bega: ni wewe. Nikakabidhiwa vikaratasi viwili na kichupa cha damu ambacho bado kilikuwa na joto. Kikaratasi kimoja cha dawa, nikanunue. Kingine cha maabara, ghorofa ya chini, ila nipitie kwanza dirisha la malipo. Dirisha lilikuwa na foleni ya watu kumi na wawili, wote wamevaa kandambili, wote wameshika vichupa.

Bantay maana yake mlinzi, mtu wa kukaa macho. Kwetu tungesema mtu wa kuuguza. Lakini kwetu mtu wa kuuguza huleta uji na nguo safi, kengele ya kuona wagonjwa ikilia anaondoka. Huku, hasa katika hospitali za umma, bantay anakaa usiku na mchana, na nusu ya kazi ya hospitali inapita mikononi mwake: kununua, kulipa, kupeleka vipimo, kufuata majibu, kuita nesi dripu inapoisha. Nesi mmoja anaweza kuwa na wodi nzima. Mgonjwa asiye na bantay anatibiwa, ndiyo, ila kila kitu chake kinachelewa.

Naandika kwa wenzetu wanaokuja kusoma Manila, Cebu au Davao, wanaokuja mafunzo IRRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga pale Los Baños, mabaharia, na waliooa au kuolewa huku. Nimefuata mpangilio wa hatua, ingawa ugonjwa wenyewe haufuati mpangilio.

Hatua ya kwanza: watu wawili na bahasha moja

Tafuta watu wawili watakaokuwa bantay wako, nawe uwe wao. Wawili, kwa sababu mmoja akikesha siku mbili na yeye atalazwa. Mmoja akiwa Mfilipino, umepata dhahabu. Kwangu alikuwa mwenye nyumba, mama wa makamo tuliyemwita Tita, yaani shangazi, kama wanavyowaita wanawake wa rika la mama zao. Tita hakuwa na elimu ya tiba hata chembe, lakini alijua mlinzi yupi wa kumsalimu na dirisha lipi hufunguliwa mapema.

Kisha andaa bahasha, uiweke mahali wenzako wanapojua. Ndani yake: nakala ya pasipoti na ya ACR I-Card (kitambulisho cha mgeni kinachotolewa na idara ya uhamiaji), namba ya bima, orodha ya dawa unazotumia na zinazokudhuru, simu ya mtu wa nyumbani, na peso taslimu, noti ndogondogo. Mimi huweka 5,000. Saa tisa usiku si saa ya kutafuta mashine ya benki.

Andika na kundi lako la damu, na hapa usipite haraka. Kwa Wafilipino damu hasi, yaani Rh hasi, ni adimu mno. Haifiki mtu mmoja kati ya mia. Kwetu Afrika Mashariki si nyingi, lakini ni nyingi kuliko huku. Kama wewe ni O hasi au B hasi, jua mapema ni Mwafrika yupi au Mzungu yupi mjini mwako mwenye damu kama yako, maana benki ya damu huenda isiwe nayo. Vivyo hivyo mwenye seli mundu: madaktari wa huku ni hodari, lakini ugonjwa huo wengi wameusoma vitabuni tu. Njoo na barua ya daktari wako wa nyumbani, kwa Kiingereza, yenye majina ya dawa na vipimo.

Hatua ya pili: zijue hospitali kabla hujazihitaji

Chini kabisa kuna kituo cha afya cha barangay. Barangay ni kama mtaa wenye ofisi yake ya serikali. Hapo utapata chanjo, kliniki ya wajawazito, dawa za kifua kikuu, kupimwa presha. Nyingi ya huduma hizo ni bure. Wageni wengi hukipita kama hawakioni. Kikohozi kikizidi wiki mbili, anzia hapo.

Juu yake kuna hospitali za umma, na hizi zina wenyewe tofauti. Tangu sheria ya serikali za mitaa ya 1991, huduma nyingi za afya ziliteremshwa mikononi mwa miji na mikoa. Kwa hiyo Ospital ng Maynila ni ya jiji la Manila, Ospital ng Makati ni ya Makati, Quezon City General Hospital ni ya Quezon City. Hizi huwatazama kwanza wakazi wake, na utaulizwa unakaa wapi. Jiji tajiri lina hospitali nzuri. Jiji maskini, utaona mwenyewe.

Nyingine ziko chini ya Wizara ya Afya: East Avenue Medical Center mjini Quezon City, Vicente Sotto kule Cebu, Southern Philippines Medical Center kule Davao. Philippine General Hospital, PGH, iliyopo Taft Avenue tangu 1910, ni ya Chuo Kikuu cha Ufilipino na ina vitanda kama 1,500. Ukisikia Mfilipino anasema "nimepelekwa PGH", elewa kwamba jambo ni zito na fedha ni chache. Kule unakutana na madaktari bora wa nchi pamoja na foleni ndefu za nchi.

Kisha kuna hospitali za umma za ugonjwa mmoja mmoja, na kwa maoni yangu hizi ndizo siri ya Manila. Philippine Heart Center kwa moyo, iliyofunguliwa 1975. NKTI kwa figo. Lung Center kwa mapafu. Zote ziko Quezon City, karibukaribu. Kwa magonjwa ya kuambukiza kuna San Lazaro, ambayo mizizi yake inarudi karne ya 16, enzi za mapadre Wafransisko, na kuna RITM kule Alabang. Kwa uzazi kuna Fabella, ambako kwa miaka mingi kinamama walikuwa wakilala wawili wawili kitandani, na watoto wao.

Za binafsi zinazotajwa sana Manila ni St. Luke's (moja Quezon City, nyingine Global City), Makati Medical Center, The Medical City pale Ortigas na Asian Hospital kule Alabang. Cebu kuna Chong Hua na Cebu Doctors'. Davao kuna Davao Doctors. Usafi, mashine, kahawa mlangoni, vyote vipo. Bili nayo ipo.

Mwisho, uliza daraja. Hospitali zimepangwa daraja la 1 hadi la 3. Daraja la 1 ina chumba cha upasuaji. La 2 inaongeza chumba cha wagonjwa mahututi. La 3 inafundisha madaktari bingwa, ina benki ya damu na usafishaji wa figo. Jengo linaweza kuwa na vioo vya kumetameta likawa daraja la 1, wakakupa huduma ya kwanza na kukuhamisha, na saa mbili za foleni ya magari katika barabara kuu ya EDSA zikakuhesabia pumzi. Basi siku moja ukiwa mzima, tembea kwa miguu hadi hospitali iliyo karibu nawe, uliza daraja lake, uone mlango wa dharura uko upande gani. Mara nyingi si ule mlango mkubwa.

Hatua ya tatu: bima

PhilHealth ndiyo bima ya taifa, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1995. Sheria ya afya kwa wote ya 2019 iliwaingiza Wafilipino wote. Mgeni mwenye ACR I-Card anaweza kujiandikisha kwa kulipa mchango wake, na mwajiriwa huchangiwa na mwajiri. Namna inavyofanya kazi ni tofauti na tulivyozoea: kila ugonjwa una kiwango chake maalumu, na kiwango hicho kinakatwa kwenye bili kabla hujatoka. Viwango vilipandishwa 2024 na tena 2025, lakini katika hospitali binafsi bado hulipia kipande tu. PhilHealth ni mwavuli wa mvua ya rasharasha.

Kwa mvua kubwa watu hutumia HMO: kampuni za kadi za matibabu kama Maxicare, Intellicare au MediCard, ambazo waajiri wengi hukata. Ukiwa na kadi, neno la kukariri ni LOA, barua ya idhini. Bila LOA daktari hakuhudumii kwa kadi. Unaiomba kwa simu, kwa programu, au kwenye dawati la HMO ndani ya hospitali. Uliza pia kiwango cha juu kwa mwaka na kama ugonjwa uliokuwa nao kabla ya kadi unahesabiwa.

Mwanafunzi mwenye bima ya safari kutoka nyumbani, soma masharti. Nyingi zinakutaka ulipe mwenyewe kwanza, kisha udai. Yaani unahitaji fedha halisi, siyo karatasi.

Hatua ya nne: siku ya dharura

Namba ni 911 nchi nzima, na Red Cross ni 143. Lakini watu wengi mjini hawasubiri ambulansi. Wanapanda Grab (gari la kuita kwa simu), teksi, au pikipiki yenye kigari cha pembeni waiitayo traysikel. Kama mgonjwa anaweza kukaa, hiyo ndiyo njia ya haraka.

Mlangoni kuna mlinzi, na mlinzi huyo ndiye mtu wa kwanza kukuuliza una nini. Mwite Kuya, kaka, nesi mwite Ate, dada, au Ma'am, daktari Dok. Tia "po" katikati ya sentensi, neno la heshima linalofanya kazi kama shikamoo iliyosagwa ikanyunyizwa kila mahali. "Bantay po ako" inatosha kukuingiza. Yanayobaki, Kiingereza kinazungumzwa vizuri na wahudumu karibu wote.

Wakidai amana kabla ya kumgusa mgonjwa aliye hatarini, taja RA 10932. Ni sheria ya 2017, inayokataza hospitali yoyote, ya umma au binafsi, kudai malipo ya awali katika dharura. Anayeivunja anakabili faini ya peso 100,000 hadi 300,000 au kifungo, na wakubwa wanaoweka utaratibu huo adhabu yao ni kali zaidi. Mimi iliwahi kunitokea katika hospitali moja ndogo. Karani alisukuma fomu ya amana mbele yangu huku mgonjwa anatapika. Tita alitamka namba ile ya sheria kwa upole, na "po" juu yake, fomu ikarudi mezani. Kumbuka tu kwamba sheria inahusu kumtuliza mgonjwa, yaani kumtoa hatarini. Akishatulia, mazungumzo ya fedha yanarudi, na wanaweza kumhamisha.

Sasa jambo ambalo Mfilipino hatakukumbusha. Ukiwa na homa na umetoka nyumbani ndani ya miezi michache, sema kabla hujaulizwa: "Nimetoka Tanzania tarehe fulani, nipimeni malaria." Manila haina malaria yake yenyewe, katika nchi hii imebaki zaidi kisiwa cha Palawan. Daktari wa Manila akiona homa, kichwa na viungo kuuma, anafikiria dengue, na mara nyingi yuko sahihi. Lakini malaria ya kwetu inaua upesi, na kila saa ya kusubiri ina gharama. Sisitiza kipimo cha damu kwa darubini. Hospitali ikisita, taja San Lazaro au RITM.

Na kama ni dengue kweli, meza paracetamol tu. Aspirini na ibuprofen ziache, zinaongeza hatari ya kuvuja damu. Jihadhari zaidi homa inaposhuka, siku ya tatu hadi ya saba, wakati mgonjwa anasema amepona: tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, fizi kutoka damu, kulegea, hizo ni dalili za kukimbia hospitali. Mwenzangu wa Mbeya alizidiwa siku ya tano, asubuhi ambayo homa ilikuwa imeisha na alikuwa ameomba chapati.

Mbwa akikuuma, au paka akikuparura, usimsikilize anayekwambia mbwa ni wa nyumbani. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda siku hiyo hiyo kituo cha Animal Bite. Viko vya umma na vya binafsi kila jiji, na vibao vyake vinaonekana barabarani. Kichaa cha mbwa bado kinaua mamia ya Wafilipino kwa mwaka. Chanjo huanza siku ya 0, kisha ya 3, ya 7 na kuendelea kama kadi utakayopewa inavyosema. Jeraha likiwa la kina au limetoka damu, uliza kuhusu sindano ya ziada ya kinga, inayochomwa kwenye jeraha lenyewe.

Msimu wa mvua, ukitembea kwenye maji ya mafuriko (na utatembea), uliza kituo cha barangay kuhusu doxycycline ya kuzuia leptospirosis, ugonjwa wa mkojo wa panya.

Hatua ya tano: kumwona daktari wa kawaida

Hospitali za umma zina siku na foleni za wagonjwa wa nje. PGH inataka uombe miadi mtandaoni kwanza. Hospitali binafsi ni kama jengo la ofisi: kila daktari ana chumba chake, saa zake, na karani wake. Daktari huyo huyo Jumatatu yuko hospitali hii, Jumanne yuko nyingine. Mpigie karani, andikisha jina, uliza ada. Kwa kawaida ni peso 500 hadi 1,500, na mara nyingi inataka taslimu. "Dok anaanza saa nne" maana yake anatarajiwa saa nne. Beba kitu cha kusoma.

Cheti cha dawa kitakuwa na jina halisi la dawa, si la kampuni tu, kwa sababu sheria ya 1988 inamtaka daktari aliandike. Kwa hiyo unaweza kwenda duka la dawa za bei nafuu ukaacha lile la jina kubwa.

Hatua ya sita: kulazwa

Chagua chumba kwa akili. Katika hospitali nyingi za binafsi, chumba cha ghali kinapandisha si kodi ya kitanda tu bali na bei ya vipimo na ada ya daktari. Wodi, au chumba cha wawili, ndivyo vya mtu wa kawaida. Ada ya daktari, wanayoiita PF, ni bili ya pembeni. Kila bingwa aliyepita kukusalimia anaweza kuwa na PF yake, basi uliza kila anayeingia ni nani na ameitwa na nani.

Mkoba wa bantay katika hospitali ya umma: mkeka au boksi la karatasi la kulalia, feni ndogo, kandambili, ndoo na kopo la kujimwagia maji waliitalo tabo, sabuni, karatasi za msalani, chupa ya chai, kalamu, na daftari. Daftari ni muhimu kuliko feni. Andika saa ya kila dawa, chembe sahani za damu zilipanda au zilishuka, na kila risiti ibandike humo. Utapewa pasi moja ya bantay. Mkipokezana, mnapokezana na pasi.

Kula nje, kwenye vibanda vya karibu na lango. Lugaw, uji mzito wa mchele wenye tangawizi na yai la kuchemsha, unamfaa mgonjwa na bantay pia. Waulize mabantay wenzako duka gani la dawa ni rahisi. Saa mbili za kwanza wodini, wale mama ndio walimu wako.

Ikitakiwa damu, huenda mkaombwa kuleta watu wa kuchangia mbadala. Hapo ndipo wale watu wawili wa hatua ya kwanza wanapopiga simu.

Hatua ya saba: kutoka

Daktari akiandika MGH, "may go home", usifunge mizigo. Bado kuna saa tatu, nne, hata sita. Fomu za PhilHealth zinasainiwa, duka la dawa linarudishiwa mabaki, kila daktari anaandika PF yake, kisha bili inatoka. Omba bili yenye mchanganuo, uipitie na daftari lako. Sisi tulikuta dripu mbili ambazo hazikuwahi kufunguliwa. Zikafutwa bila ubishi.

Kama fedha hazitoshi, usingoje siku ya kutoka. Siku ya kwanza nenda kwa ofisa ustawi wa jamii, ambaye hupanga wagonjwa kwa uwezo wao. Tangu 2025 serikali imekuwa ikitekeleza utaratibu wa kutolipa chochote katika wodi za kawaida za hospitali zilizo chini ya Wizara ya Afya; kwa hospitali za majiji na PGH, uliza kwanza. Katika hospitali hizo na nyingine za umma kuna pia Malasakit Center, dirisha moja la misaada ya serikali, lililoanzia Cebu 2018. Yote mawili yamelenga Wafilipino. Mgeni, usiyajengee matumaini, lakini kama mgonjwa ni mkeo, mumeo au mtoto wako Mfilipino, nenda na kitambulisho chake na barua ya barangay inayothibitisha hali yenu.

Na hospitali haina ruhusa ya kumfungia mgonjwa kwa deni. RA 9439 ya 2007 inamruhusu kuondoka kwa hati ya ahadi yenye dhamana au mdhamini. Aliyelazwa chumba binafsi hayumo katika sheria hiyo, nayo ni sababu nyingine ya kuipenda wodi.

Kabla ya kushuka, omba muhtasari wa matibabu na nakala za majibu. Kuyafuata baada ya kurudi Mbeya au Mombasa ni mateso. Halafu kuna kikaratasi cha mwisho, cha kuthibitisha umemaliza malipo. Usikitupe na risiti. Sisi tulifika langoni saa moja jioni, teksi inangoja, mlinzi akanyoosha mkono, na kikaratasi kilikuwa ghorofa ya nne, chini ya mkeka tuliomwachia mama wa kitanda cha jirani.